Kadi ya CHF iliyoboreshwa ya elfu 30: maoni yangu baada ya kuitumia na familia nzima huku Moshi

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano, na kama una familia na huna bima ya kazini we kata tu usisubiri. Nimeanza na jibu kwa sababu wengi mnaoniuliza mnataka jibu, ila mwenye muda asome mpaka chini maana hiyo nyota moja na nusu niliyoitoa haihusu kadi peke yake, inahusu hela ya kuiendesha inatoka wapi. Hapo ndo penye shida yote na ndo sehemu ambayo mtaani kwetu hatuiongelei kabisa, tunaishia kumgombeza nesi.

Kwa asiyeijua, hii ni kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, unalipa elfu 30 kwa mwaka mnaingia mpaka watu sita wa kaya moja. Dar wenzetu waliwekewa bei yao ya laki na nusu kwa watu sita, ila huku Kilimanjaro, Arusha na mikoa mingine ya bara ni hiyo elfu 30. CHF ya zamani, ile iliyoanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, ilikuwa inakufunga sehemu ulipojiandikisha, ukitoka hapo huna chako. Hii iliyoboreshwa inapanda ngazi, zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, kwahiyo kwa sisi wa Moshi mwisho wake ni Mawenzi na kwa wenzetu wa Arusha ni Mount Meru. KCMC haimo. Hilo uliweke kichwani mapema kabla hujapata mgonjwa wa kukimbizana naye, maana kuna watu wanafika pale getini na kadi mkononi wanadhani ni ile ya wafanyakazi.

Kujiandikisha ni rahisi sana, hapo wamefanya vizuri nawapongeza. Mwandikishaji anatoka hapahapa kijijini, ana simu janja, anawapiga picha wote, anaingiza majina, unalipa unapewa namba. Hakuna kwenda mjini, hakuna njoo kesho. Kaya yetu ni mimi na mume wangu, mama mkwe na watoto watatu, tukatimia sita kamili. Wenye watoto wengi au waliochukua watoto wa marehemu ndugu yao hapo wanabanwa inabidi walipie kaya ya pili, na huku kwetu nyumba za namna hiyo sio chache.

Matumizi sasa. Mama mkwe ana presha na sukari kwahiyo kliniki ni lazima, watoto ni mafua, kuharisha, huyu kaanguka kwenye mti huyu kakatwa na panga la majani ya ng'ombe. Bila kadi ukijumlisha kumuona daktari, kipimo cha damu au mkojo na dawa, elfu kumi na tano inaondoka fasta kwa mtoto mmoja na hapo hujalipa nauli ya boda. Kwahiyo ukiwa na watoto wadogo kadi inajilipa mapema mno ndani ya mwaka, zinazofuata zote ni faida. Mume wangu alilazwa hospitali ya wilaya kwa rufaa tukalipa vitu vidogo vidogo tu, kitanda na daktari vikasimamiwa na kadi. Ningekuwa sina ningeuza mbuzi, na mbuzi wenyewe ndo ada ya January. Mi hicho kitu sikisahau na ndo maana nikisikia mtu anasema CHF ni utapeli naumia kabisa.

Rufaa ndo utaratibu wake ulivyo, huwezi kuruka. Unaanza chini, ukishindikana unaandikiwa karatasi. Watu wanaichukia hiyo ngazi ila ina maana yake, hospitali ya mkoa ikijaa watu wa mafua, aliyevunjika mguu ataonwa saa ngapi? Hilo silipingi. Ninachopinga ni mgonjwa kupelekwa ngazi ya juu kwa sababu tu chini hakuna kipimo kidogo ambacho kilitakiwa kiwepo, nauli inakuwa kubwa kuliko gharama ya kipimo chenyewe.

Haya, dawa. Hapa ndo nilipotoa nyota. Kuna zahanati moja, siitaji jina kwa sababu naamini shida sio ya kwao peke yao, unafika na kadi mama anapimwa presha vizuri kwa heshima, shikamoo bibi karibu bibi, anaandikiwa, alafu dirishani anaambiwa "dawa hiyo imeisha mama, nenda nayo hiyo karatasi ukanunue duka la dawa." Na duka la dawa kadi haifanyi kazi. Dawa ya presha sio ya kumeza leo ukaacha kesho, mama akikosa mwezi anaanza kuumwa kichwa na sisi tunaanza kuogopa kiharusi. Najua sera ya afya ya 2007 inasema wazee wa miaka 60 kwenda juu wasio na uwezo watibiwe bure, sawa, ila bure ya dirisha ambalo halina dawa haimsaidii mzee. Nilimuuliza yule nesi kwa upole tu, dada kwani mnaagiza lini? Akanieleza kwamba wanaagiza Bohari ya Dawa, wakikosa kule wanaruhusiwa kununua kwa mshitiri, ila kote huko wanahitaji hela kwenye akaunti ya zahanati na hela iliyopo haitoshi oda yote, kwahiyo wanachagua za malaria na za watoto kwanza. Huyo dada hakuwa na kiburi wala hakuwa mvivu, alikuwa anagawa kidogo kilichopo.

Nikarudi nyumbani nikapiga hesabu, na naomba na nyie muipige. Elfu 30 gawa kwa watu sita ni elfu 5 kwa mtu kwa mwaka mzima. Elfu tano! Hiyo ni hela ya chipsi mayai na soda pale stendi. Utaratibu ulisema serikali nayo inaweka tele kwa tele, yaani mkiweka 30 na yenyewe inaweka 30, kwahiyo hata hiyo tele kwa tele ikija yote na kwa wakati ni elfu 10 kwa mtu kwa mwaka, kuanzia panadol mpaka kulazwa mkoani. Hakuna mganga mfawidhi duniani atakayekutibu mwaka mzima kwa hela hiyo akabakiwa na dawa kwenye shelfu. Kwahiyo kadi inachoahidi na bei yake haviendani, na kinachoziba hilo pengo, pale linapozibwa, ni kodi. Mishahara ya manesi ni kodi, jengo ni kodi, dawa nyingi ni kodi na misaada. Elfu 30 yetu ni mchango tu.

Linganisha na jirani yangu mwalimu. Yeye yuko NHIF, ule Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya wa sheria ya 1999 ulioanza kazi 2001, anakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaweka 3. Tuseme mshahara ni laki nane, inakuwa elfu 48 kwa mwezi, kwa mwaka ni 576,000, na wanaoingia ni yeye, mwenza na wategemezi wanne, sita vilevile kama sisi. Laki tano na sabini na sita kwa elfu thelathini, ni mara 19! Alafu tunashangaa kwanini yeye akienda hospitali kubwa anapokelewa na sisi tunaambiwa kadi yenu inaishia mkoani. Simuonei wivu mwalimu, anastahili kila senti. Nachosema ni kwamba tofauti ya kadi hizi mbili ni tofauti ya hela iliyoko nyuma yake, na hela iliyoko nyuma yake inategemea kama una karatasi ya mshahara au huna.

Na huo mtindo wa kukata kwenye mshahara umetoka mbali. Bismarck kule Ujerumani mwaka 1883 alipitisha bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi wa viwandani, mfanyakazi akilipa theluthi mbili na mwajiri theluthi moja, 1884 ikaja ya ajali kazini na 1889 pensheni ya uzeeni. Iliwezekana kwa sababu Ujerumani ilikuwa inajaza viwanda, watu wanalipwa ujira kwenye meza moja, kukata ni rahisi. Kila uchumi ulivyokua na watu wengi kuingia kiwandani, mfuko nao ulijaa wenyewe. Sasa niambie mimi nayeuza ndizi na parachichi Mbuyuni, mume wangu fundi wa kuungaunga, utanikata wapi? Nani mwajiri wangu atakayeweka nusu nyingine? Watu kama mimi ndo wengi nchi hii. Kwahiyo uchumi unaweza kukua kweli kabisa, na unakua, ila hauji kwa njia ya karatasi ya mshahara ambayo mfuko unaweza kuikata. Ni kama maji ya mlimani, yapo mengi tu, ila kama mfongo, yaani mfereji wa maji, haujachimbwa mpaka kwenye kihamba chako, shamba lako la nyumbani, migomba yako inakauka huku unasikia mto unavyolia.

Ndo maana kadi ya hiari ina ugonjwa wake mkubwa: wanaokata ni wanaoumwa. Huku kwetu ukiangalia waliokata ni wenye wazee na watoto wachanga na wenye sukari. Vijana wa boda na wale wa mitumba Kiborloni ukiwaambia wanakucheka, mi naumwa nini? Mpaka siku ya ajali. Mfuko wenye wagonjwa watupu hauwezi kusimama popote duniani. Mmesahau Toto Afya Kadi? 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, wazazi tuliipenda sana, Machi 2023 NHIF wakasitisha kusajili mtoto mmoja mmoja wakataka watoto waingie kwa makundi kupitia shule, sababu waliyotoa ni kwamba wazazi walikuwa wanaleta watoto ambao tayari wanaumwa na mfuko ukazidiwa. Watu walikasirika, na mzazi mwenye mtoto wa moyo au selimundu alikuwa na haki ya kukasirika kwa sababu alibaki hana pa kwenda, ila hesabu ilikuwa haidanganyi. Huwezi kuendesha bima ambayo anaingia mgonjwa tu na mzima anakaa nje anasubiri aumwe.

Kitu kingine ambacho waliotengeneza hii kadi hawakukifikiria vizuri ni msimu. Hela za huku zina msimu jamani. Kahawa kuna miezi yake, mahindi yana miezi yake, utalii una miezi yake. Shemeji yangu wa Arusha anaendesha wageni, anakaa Sakina, kuanzia June mpaka October hela ipo, April na May mvua hakuna mgeni anaegesha gari. Kadi yao iliisha April. Unadhani alikuwa na elfu 30 ya haraka? Sio kwamba ni maskini, ni kwamba imeisha mwezi mbaya. Alafu kumbuka 2020, mwaka 2019 walikuja watalii milioni 1.5 na kitu, 2020 wakashuka mpaka kama laki sita na ishirini. Arusha nzima ililia, madereva, wapagazi, wapishi, wauza vinyago, mpaka mama wa mboga Kijenge kwa sababu wateja wake ni haohao. Na ndo mwaka ambao watu walihitaji matibabu kuliko mwaka wowote, ndo huohuo waliokosa hela ya kadi. Mpango unaotegemea mtu alipe mwenyewe mfukoni unaanguka siku uchumi unapoanguka, yaani siku ambayo unamhitaji zaidi. Watalii wamerudi, 2024 walifika milioni 2.1, vizuri sana na Arusha imechangamka, ila hela hiyo ya neema ndo ilitakiwa iwekwe akiba kwenye mfuko kwa ajili ya mwaka mwingine kama 2020. Ningependa kadi ilipwe kidogo kidogo kwa simu, shilingi 2,500 kila mwezi, na mtu akichelewa mwezi mmoja asifungiwe palepale.

Sasa kuhusu huu wimbo wa uchumi unakua. Ni kweli, mi sipingi takwimu. Julai 2020 Benki ya Dunia ilituweka nchi ya kipato cha kati cha chini, 2024 uchumi ulikua kwa asilimia 5.5, nchi nyingi zinatamani. Ila sensa ya 2022 ilituhesabu 61,741,120 na ikasema tunaongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Toa hiyo kwenye 5.5, kinachobaki kwa kila kichwa ni kama asilimia 2 na kidogo. Zahanati yetu hapa haihudumii uchumi, inahudumia vichwa, na kila mwaka vichwa vimeongezeka. Alafu katika huo uchumi wote kodi inayokusanywa ni kama shilingi 12 au 13 katika kila 100. Denmark wanakusanya zaidi ya 40 katika kila 100. Sasa mtu anakuja anakwambia kwanini hatuna huduma kama za Ulaya, jibu ndo hilo, na Ulaya wenyewe hawakuanza na 40, Sweden miaka ya 1950 walikuwa kwenye 20 hivi, wakapanda taratibu miongo mingi watu wakiona kinachofanywa na hela yao. Na hata wao walikwama, mwanzoni mwa miaka ya 1990 uchumi wa Sweden ulianguka ikabidi wakae chini vyama vitano watengeneze pensheni upya ili iende sawa na uchumi, ukinywea na pensheni inanywea. Kwahiyo hata tajiri anahesabu.

Na msidhani uchumi ukikua basi matibabu yatakuwa rahisi. Simu zinashuka bei kwa sababu kiwanda kilekile kinatoa nyingi zaidi kila mwaka. Nesi hawezi kubadilisha kidonda mara mbili kwa spidi ya mwaka jana, mtu ni mtu. Ila nesi naye anaishi kwenye uchumi huohuo uliokua, kodi ya nyumba imepanda, akiona dereva wa watalii analipwa zaidi naye anataka kupandishwa na ni haki yake. Mchumi mmoja wa Marekani, William Baumol, alilieleza hili tangu miaka ya 1960. Maana yake huduma za afya na shule zitakula sehemu kubwa zaidi ya uchumi kadri tunavyoendelea, sio ndogo zaidi. Kwahiyo ukiweka bei ya elfu 30 leo ukaiacha hivyohivyo miaka na miaka huku kila kitu kinapanda, umeiua kadi polepole. Hii elfu 30 ni ileile tangu kadi ilipoanza kusambaa nchi nzima 2018/19. Soda imepanda, nauli ya Moshi Arusha imepanda, ila kadi iko palepale.

Hapa nataka niongelee kwetu kidogo maana historia hii tunayo mlangoni. Wazee wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao 1925 na 1933 ikawa KNCU, walikuwa wanakatwa kwenye kahawa na hela hizo zikasomesha na kujenga shule huku mlimani. Kahawa ilikuwa ndo karatasi yao ya mshahara! Kila aliyepeleka mzigo chama cha msingi alikatwa, hakuna kukimbia, na alikatwa wakati ana hela. Mi naona ule ulikuwa ufundi mkubwa sana kuliko hii ya kumpigia mtu hodi April. Udhaifu wake ni kwamba ulitegemea zao moja. Vyama vikavunjwa na serikali 1976, vikarudishwa miaka ya 80, na 1989 mkataba wa kahawa wa dunia uliokuwa unashikilia bei ukavunjika, bei ikaporomoka, watu wakang'oa mibuni wakapanda mahindi na nyanya. Na Arusha nao wana yao, Azimio la 1967 lilifuatiwa na zahanati na shule kila kona, na mpaka katikati ya miaka ya 80 kusoma na kuandika tulikuwa mfano Afrika. Kisha mafuta yakapanda bei, vita vya Kagera 1978 na 79, uchumi ukasimama, huduma zikabaki majengo bila dawa, na 1993 tukaanza kuchangia matibabu. Mama mkwe anaukumbuka wakati huo, anasema ilikuwa bure lakini ulikuwa unaenda na pamba yako na sindano yako. Nia ilikuwa nzuri mno na mi naiheshimu mpaka leo, ila uchumi wa kuibeba ulikuwa haujafika, na leo uchumi umesogea ila nia ya kuchimba mfereji wa hela ndo inasuasua.

Tozo ya miamala ya Julai 2021 nayo tuliilalamikia wote, mimi nikiwemo, ikapunguzwa. Serikali ilisema hela zake zinajenga vituo vya afya na madarasa, na kweli vimejengwa vinaonekana. Lakini jengo unalijenga mara moja, dawa ya mama inatakiwa kila mwezi mpaka Mungu atakapomchukua. Hela ya kuja na kuondoka inafaa ukuta, haifai dawa. Dawa inataka chanzo kinachojulikana, kila mwezi, kisichotegemea kelele za mwaka huo.

Wenzetu waliotoka kwenye kadi kama hii wapo. Thailand walikuwa nayo kabisa, ya hiari, ilianza 1983, kaya ikilipa baht 500 na serikali ikiongezea, tele kwa tele tupu. Wakapata shida hizihizi, wagonjwa wanakata wazima hawakati. 2001 wakaanza na 2002 wakaeneza nchi nzima mpango mwingine, wakaacha kumfuatafuata mkulima na mchuuzi awalipe ada, wakasema huyu atabebwa na kodi, akifika hospitali anatoa baht 30 tu. Na walikuwa hata hawajapoa vizuri kutoka kwenye msukosuko wa fedha wa 1997. Ghana nao kwenye sheria yao ya 2003 waliweka asilimia 2.5 kwenye bidhaa, mtindo wa VAT, inaenda bima ya afya, na hiyo ndo inayobeba sehemu kubwa ya mfuko kuliko ada za wanachama. Mchuuzi wa Accra hawezi kukatwa mshahara kama mimi, ila akinunua kitu anachangia, tajiri akinunua gari anachangia zaidi. Sio kwamba Ghana hawana matatizo, hazina yao imekuwa ikichelewesha hela hospitali zikalalamika, ila wameshajibu swali la nani anabeba asiye na mwajiri.

Na sisi tumeshaanza kulijibu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023 na ndani yake wametaja hela za vinywaji, vipodozi na michezo ya kubahatisha ziende kuwabeba wasio na uwezo. Mi naiunga mkono kwa asilimia mia. Bia ngapi zinanyweka Arusha ijumaa moja? Mikeka mingapi inabetiwa Moshi mjini kila jumamosi? Hapo kuna dawa za presha za wilaya nzima. Ombi langu kwa wabunge wetu wa mikoa hii miwili ni kwamba hiyo hela isiingizwe kwenye chungu kimoja na mambo mengine, itangazwe imekusanywa ngapi na imefika zahanati ngapi, ibandikwe ukutani kama wanavyobandika mapato na matumizi ya kijiji. Na kamati ya zahanati, ile yenye wanakijiji ndani yake, isomewe. Watu wakiona hela inavyotumika, wanalipa. Mtu anayesema wakulima hawalipi kodi aje asimame dukani kwa mangi ahesabu sukari, sabuni, vocha, mafuta ya taa na soda tunavyonunua, tunalipa kila siku ila haturudishiwi karatasi inayosema umelipa.

Mbadala mwingine nimeuangalia, maana kuna wanaouliza. Bima za makampuni binafsi ni nzuri ila kwa familia ya watu sita ni hela ndefu, hazitufai sisi wa genge, na mzee mwenye sukari wengi wao hawamtaki au wanampandishia. Kikundi chetu cha wamama cha kuzikana tunasaidiana ukilazwa, naupenda sana, ila kikundi kizima tunaishi kijiji kimoja na tunalima kitu kimoja, ukame ukija wote tumepigwa siku moja, hakuna wa kumbeba mwenzake. Hiyo ndo sababu ya kutaka mfuko wa nchi, aliyeko Geita kwenye dhahabu ambebe wa Same mwaka wa njaa, na mwaka mwingine iwe kinyume.

Kwahiyo nani akate hii kadi? Mwenye watoto wadogo, mwenye mzee ndani, mama mjamzito mwenye familia (ujauzito wenyewe na mtoto chini ya miaka mitano wana msamaha ila wengine nyumbani hawana). Kijana mzima wa boda na wewe kata, pikipiki haina mzaha. Asiyefaidika nayo sana ni mgonjwa anayehitaji KCMC mara kwa mara, huyo atafute njia ya NHIF kama anaweza. Na vitu vya kuzingatia: hakikisha picha za wote sita zimeingia kwenye mfumo siku hiyohiyo kabla mwandikishaji hajaondoka, andika namba ya kadi sehemu nyingine maana kadi inapotea na namba ndo inayotafutwa, mgonjwa akienda rufaa dai karatasi iliyogongwa muhuri usikubali ya mdomo. Dawa ikikosekana omba waandike kwenye daftari kwamba imekosekana, tena taja tarehe, hiyo ndo kamati inayotumia kudai oda. Na ukikata kwa mara ya kwanza chagua mwezi wa kahawa au wa mahindi, ili mwakani ikiisha ikukute na hela.

Mwenye uzoefu wa Mount Meru na kadi hii aandike na yeye, hasa upande wa dawa za sukari, mama mdogo wa mume wangu yuko Ngaramtoni anataka kujua kabla hajalipa.